Maumivu ya kiuno: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wa huku kwetu: wabeba mizigo wa Kirumba Mwaloni, kina mama wa dagaa, vijana wa bodaboda, wakulima wa mpunga wa Magu na Misungwi, na wanaopanda vilima vya Mabatini na Igogo na ndoo kichwani. Ukiwa na haraka, anza na swali la 5. Mengine yote yanaweza kungoja, hilo halingoji.

## Mambo ya msingi

1. Maumivu ya kiuno ni nini hasa?

Ni maumivu yanayokaa kati ya mbavu za chini na mikunjo ya makalio. Eneo hilo lina pingili tano kubwa zinazobeba uzito wote wa mwili wa juu, diski zinazokaa katikati ya pingili, maungio madogo kwa nyuma, misuli, kano, na mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni. Sehemu moja ikikereka, misuli ya jirani hukaza kuilinda. Ndiyo maana mtu anaamka amekakamaa hata kuvaa viatu hawezi.

Kwa watu tisa kati ya kumi hivi, ukichunguza hukuti mfupa uliovunjika, wala uvimbe, wala maambukizi. Wataalamu huyaita maumivu yasiyo mahususi. Mgonjwa akisikia hivyo hudhani anaambiwa anajifanya. Hapana. Maumivu ni ya kweli na yanaweza kumlaza mtu mzima kitandani. Maana yake ni kwamba hakuna kilichoharibika kiasi cha kuhitaji kisu, na mgongo wenyewe una uwezo wa kupona.

2. Ni ugonjwa wa wazee?

Hapana. Unaanza hata kwa vijana wa shule, unaongezeka kadiri umri unavyopanda, na wanaoumwa ni wengi zaidi kwenye miaka ya 50 hadi 55. Wanawake wanaumwa zaidi kuliko wanaume. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba watafika milioni 843 ifikapo 2050. Hakuna tatizo jingine la afya linalowafanya watu wengi hivyo washindwe shughuli zao.

3. Nitapona baada ya muda gani?

Siku tatu nne za kwanza ndizo chungu kuliko zote. Baada ya hapo maumivu hulegea, na wengi hurudi kwenye shughuli zao ndani ya wiki sita. Kurudiwa ni kawaida, na kurudiwa si ushahidi kwamba mgongo unazidi kuoza. Yakipita miezi mitatu bila kuisha huitwa sugu, na matibabu yake yanabadilika kidogo (tazama swali la 16).

4. Niliinama tu kuokota sabuni. Kwa nini mgongo umekamata?

Watu hushangaa kwamba mgongo haukukamata siku waliyobeba magunia, ukaja kukamata siku ya kuokota kitu chepesi. Mara nyingi mgongo ulikuwa umeshachoka kabla. Kazi nzito kuliko ulivyozoea, usingizi mchache, kukaa au kuinama saa nyingi bila kubadili mkao, sigara, msongo wa mawazo, deni, msiba: vyote hivi huongeza uwezekano wa kuumwa, na vinaungana.

Mtazame mama wa dagaa pale ufukweni. Ameinama kuanzia kiunoni, magoti yamenyooka, mkono mmoja umeegemea paja na mwingine unatawanya dagaa mchangani, anarudi nyuma hatua moja, anatawanya tena. Akimaliza upande mmoja wale wa kwanza wameshakauka juu, anaanza kuwageuza. Kuinama kwenyewe si sumu, mgongo uliumbwa upinde. Tatizo ni saa tatu za mkao uleule. Ndiyo maana ninawasihi wanaoweza wajenge vichanja vya kuanikia vinavyofika usawa wa kiuno. Dagaa hawapati mchanga, bei inapanda, na mgongo unapumua.

## Dalili zisizongoja

5. Ni lini nikimbilie hospitali leo hii?

Nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona lolote kati ya haya pamoja na maumivu ya kiuno: ganzi sehemu za siri, kati ya mapaja au kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo kugoma kutoka au kutoka bila kujua, haja kubwa kuponyoka, miguu yote miwili kulegea, au mguu mmoja unaozidi kukosa nguvu. Hizo ni dalili kwamba mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo imebanwa. Ikicheleweshwa, mtu anaweza kubaki na ulemavu wa mkojo na miguu maisha yote, na hapo saa ndizo zinazohesabika.

Vilevile usingoje kama umeanguka kutoka juu, umepata ajali ya bodaboda, au una homa kali pamoja na mgongo unaouma usiku na mchana.

Kwa ndugu zangu wa visiwani, Ukerewe, Ukara na kambi za wavuvi: dalili hizi zikianza jioni, usiseme utasubiri uone asubuhi itakuwaje. Anza safari ya kwenda hospitali ya karibu yenye daktari, na mweleze wazi kuhusu mkojo na ganzi, hata kama unaona haya. Watu huficha jambo hilo kwa aibu, na daktari asipoambiwa atatoa dawa ya maumivu na kumruhusu mgonjwa aende nyumbani.

6. Na zipi nisizipuuze, ingawa si za usiku huohuo?

Fika kituo cha afya ndani ya siku chache ikiwa unapungua uzito bila sababu, unatoka jasho usiku, una homa za jioni, maumivu hayapungui hata ukilala, umewahi kuugua saratani, unatumia dawa za steroidi (kama prednisolone au deksamethasoni) kwa muda mrefu, au una zaidi ya miaka 50 na haya ndiyo maumivu yako ya kwanza ya aina hii. Mwanaume mtu mzima mwenye shida ya mkojo na mgongo unaouma usiku achunguzwe tezi dume.

Kwetu hapa kifua kikuu cha uti wa mgongo lazima kikumbukwe. Kinakuja taratibu kwa wiki au miezi, si lazima ukohoe, na kisipotibiwa hula pingili hadi mgongo ukatokeza kibiongo na miguu ikapooza. Kinawapata zaidi wenye VVU, lakini si wao peke yao. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure Tanzania. Dawa za cha mgongo hunywewa kwa muda mrefu kuliko ile miezi sita ya mapafu, na kuziacha katikati ni hatari. Kwa wafugaji na wanaokunywa maziwa mabichi, mtajie daktari pia jambo hilo, maana brusela nayo hukaa mgongoni na kuleta homa za kupanda na kushuka.

7. Nitajuaje kama ni figo?

Kila kiuno kinachouma hapa mjini kinaitwa figo au UTI sugu, na watu wanamaliza dozi baada ya dozi za antibiotiki bila sababu. Figo ziko juu zaidi, chini ya mbavu za nyuma. Maambukizi ya figo huja na homa, kutetemeka, kichefuchefu, na mara nyingi mkojo unaochoma. Kijiwe cha figo huleta maumivu ya upande mmoja yanayokuja kwa mawimbi makali na kushuka kinenani. Mgonjwa hatulii mahali pamoja, anagaagaa.

Maumivu ya misuli na maungio hubadilika na mwendo: ukiinama yanazidi, ukikaa namna fulani yanapoa. Kama yako ni hayo na mkojo hauna shida, kuna uwezekano mdogo sana kuwa ni figo. Kipimo cha mkojo ni cha bei ndogo na kinapatikana hadi kituo cha afya, kwa hiyo pima kabla ya kumeza antibiotiki.

## Picha na vipimo

8. Si bora nipige eksirei au MRI mapema nijue moja?

Kama huna dalili za swali la 5 na la 6, picha katika wiki sita za kwanza haikusaidii. Haionyeshi misuli iliyokaza, haibadilishi matibabu, na inakula pesa ambayo familia ingenunulia chakula. Nimeona watu wakiuza mbuzi ili walipie MRI, kisha wakarudi na karatasi inayowatisha na dawa zilezile.

Picha inafaa pale daktari anaposhuku kitu fulani: kuvunjika, kifua kikuu, saratani, au mshipa uliobanwa hadi mguu unapoteza nguvu. Hapo usisite. Utaratibu wa kawaida ni kuanzia zahanati au kituo cha afya, kwenda hospitali ya wilaya, kisha Sekou Toure ambayo ndiyo ya rufaa ya mkoa, na Bugando kwa kanda nzima. Mwenye bima aombe barua ya rufaa kabla hajapanda daraja.

9. Picha inasema pingili zimesagika na diski imetoka. Nitapooza?

Hili ndilo swali linalonisikitisha kuliko yote, kwa sababu watu wameacha kulima, wameacha kubeba watoto wao, kwa ajili ya maneno ya kwenye karatasi.

Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za migongo ya watu wasio na maumivu yoyote. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Diski iliyovimba kutoka mahali pake ilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao wa miaka 20 na asilimia 84 ya wazee wa 80. Hawa wote walikuwa hawaumwi. Mabadiliko hayo mengi ni ya umri, kama mvi. Kwa hiyo daktari mzuri huilinganisha picha na mwili wako: anakupima nguvu ya mguu, hisia za ngozi na mwitiko wa goti. Kama alisoma karatasi bila kukugusa, omba kupimwa.

Kupooza kutokana na diski ni nadra, na huja na dalili za swali la 5.

## Dawa, sindano na tiba za asili

10. Ninunue dawa gani duka la dawa?

Dawa za jamii ya ibuprofen na diclofenac hupunguza maumivu kiasi kwa siku chache. Mtu mzima asiye na tatizo jingine anaweza kunywa ibuprofen miligramu 400 mara tatu kwa siku, baada ya kula, kwa siku tano hadi saba, basi. Usichanganye ibuprofen na diclofenac, ni ndugu wa baba mmoja na madhara yanajumlishana.

Usizitumie bila ushauri kama una vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa moyo au figo, pumu inayoamshwa na dawa hizo, au ni mjamzito (swali la 19). Na hapa naomba wanaotumia ARV wasome mara mbili: dawa nyingi za sasa za VVU zina tenofovir, ambayo kwa baadhi ya watu hugusa figo. Ukiongeza diclofenac siku baada ya siku, figo zinaweza kuumia. Usiache ARV, acha diclofenac, na mwambie mhudumu wa kliniki kuhusu mgongo wako.

Paracetamol wengi huianza, lakini utafiti mkubwa wa Australia uliochapishwa 2014 haukuona kwamba inaharakisha kupona kiuno kuliko kidonge kisicho na dawa. Tramadol na jamaa zake hazipendekezwi: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023 wa maumivu sugu ya kiuno, lilishauri zisitumike. Zinalevya, na kuziacha ni kazi.

11. Sindano si inafanya kazi haraka?

Sindano ya diclofenac ya takoni ni dawa ileile ya kidonge. Kama unaweza kumeza, huna unachokosa, na unaepuka jipu na kuumia kwa mshipa wa fahamu wa takoni, jambo linaloweza kuacha mguu ukiburuta. Sindano za vitamini, zile nyekundu, hazitibu kiuno cha kawaida. Vitamini B12 inawafaa waliopungukiwa nayo.

Usikubali kuchomwa deksamethasoni au kupewa prednisolone ya kunywa wiki na wiki kwa ajili ya kiuno. Mwanzoni mtu hujisikia mzima, anakula sana, uso unajaa. Baadaye sukari hupanda, mifupa hudhoofu na kinga hushuka, na kifua kikuu kilichojificha huamka.

12. Vipi kuhusu kuchuliwa, hijama, chale na dawa za miti shamba?

Kuchuliwa na mtu mwenye mikono ya upole kunaweza kulegeza misuli kwa muda, na sioni ubaya. Kupasha joto pia: kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, dakika kumi na tano, ukiangalia kisiunguze. Kukanyagwa mgongo au kuvunjwavunjwa kwa nguvu sikubali, hasa kwa mzee au mwenye dalili za swali la 6, kwa sababu pingili iliyokwisha kudhoofika inaweza kuvunjika.

Hijama na chale zinakata ngozi. Wembe ukipita kwa mtu wa pili, homa ya ini na VVU vinapita nao. Kuhusu dawa za unga zisizo na maandishi zinazotibu kiuno, ngiri na nguvu za kiume kwa pamoja, chunga: nchi mbalimbali zimewahi kukamata dawa za namna hiyo zilizochanganywa kimyakimya na steroidi na diclofenac. Ikikuponya ndani ya saa moja, jiulize ndani kuna nini.

13. Nivae mkanda wa kiuno? Nilale kwenye ubao?

Mkanda hauponyi, na mwongozo wa 2023 wa Shirika la Afya Duniani hauupendekezi kwa maumivu sugu. Ukikusaidia kumaliza safari moja ndefu, uvae, kisha uuvue. Godoro la ugumu wa kati ndilo lililoonyesha nafuu kuliko gumu kabisa. Ubao na sakafu si dawa. Kama godoro lako limebonyea katikati, lizungushe au uweke mkeka mnene chini yake. Ulale ubavu ukiwa na mto kati ya magoti, au chali ukiwa na mto chini ya magoti.

## Mazoezi na kazi

14. Nipumzike kitandani hadi yaishe?

Siku moja, mbili ukizidiwa, si zaidi. Kila siku ya kulala huondoa nguvu kwenye misuli inayoushika mgongo, na hofu inakua. Amka, tembea ndani, kaa, simama, badilisha. Kuumia kidogo wakati wa kutembea si ishara kwamba unaharibu kitu. Kipimo changu ni hiki: kama baada ya shughuli maumivu yalipanda na kufikia kesho asubuhi yamerudi pale yalipokuwa, kiwango hicho kinakufaa. Yakibaki juu siku mbili, punguza kidogo, usiache.

15. Nifanye mazoezi gani nyumbani bila vifaa?

Tandika mkeka. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga chini. Vuta goti moja kifuani kwa mikono miwili, hesabu kumi bila haraka, rudisha, badili mguu. Fanya mara tano kila upande. Ukiwa palepale, kaza makalio na uyanyanyue hadi mapaja na tumbo viwe mstari mmoja, pumua mara tatu, shusha polepole, pingili moja baada ya nyingine. Wengi hushusha kwa kishindo. Kushusha polepole ndiko kunakojenga misuli.

Kisha piga magoti na viganja, kama unayesugua sakafu. Nyoosha mguu wa kushoto nyuma, na ukiweza mkono wa kulia mbele, bila kuacha kiuno kizame. Hesabu tano, badili. Mara nane zinatosha kwa kuanzia, asubuhi na jioni.

Halafu tembea. Utafiti mwingine wa Australia, wa 2024, uliwafuatilia watu waliokuwa wamepona kiuno: waliopangiwa kutembea, taratibu hadi nusu saa mara tano kwa wiki, walikaa karibu maradufu ya muda wa wenzao kabla ya maumivu kurudi. Anayeishi mlimani achague tambarare mwanzoni, mfano barabara ya Capri Point kandokando ya ziwa, aje kwenye vilima baadaye. Hakuna zoezi moja lililo bora kwa wote. Utakaloendelea nalo hadi mwezi wa sita ndilo lako.

16. Yamepita miezi mitatu. Sasa nifanyeje?

Kwanza uchunguzwe upya kwa dalili za swali la 6. Zikikosekana, omba rufaa ya fiziotherapia. Ipo Bugando na Sekou Toure. Kwa maumivu sugu, mishipa ya fahamu huwa imezoea kupeleka taarifa ya maumivu hata pale jeraha limekwisha, kwa hiyo tiba ni kuuzoesha mwili tena: mazoezi yanayopanda polepole, usingizi, na kurudi kwenye shughuli ulizoziogopa.

Usione aibu kuzungumzia mawazo. Mtu aliyefiwa, mwenye deni, au mwenye sonona huumwa zaidi, na kutibu sonona hupunguza kiuno. Sisemi maumivu yako ni ya kufikirika. Nasema mwili na moyo vinalala nyumba moja.

17. Kazi yangu ni ya nguvu. Niache?

Wengi hawana hiari hiyo, na wala si lazima. Rudi kazini kabla hujapona kabisa, ukianza na mizigo midogo. Kufundishwa namna ya kuinua peke yake hakujaonyesha kuzuia maumivu. Kinachosaidia zaidi ni misuli yenye nguvu na kupunguza uzito wa mzigo wenyewe.

Kwa wabeba magunia: mzigo uanzie juu ya meza au kichanja, watu wawili wakutwishe, na uwe karibu na mwili. Mkokoteni ukiwepo, utumie. Kwa wanaopandisha maji mlimani: dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji kabla ya kuhesabu dumu lenyewe, mawili ya lita 10, moja kila mkono, ni nafuu kwa siku za maumivu. Mwenye bodaboda akague shokapu na upepo wa tairi, ashuke na kutembea kila baada ya saa moja, na akitoka kukaa muda mrefu asiinue mzigo papo hapo. Mkulima apate mpini mrefu wa jembe, na abadilishane palizi na kazi ya kusimama badala ya kumaliza jaruba zima kwa pumzi moja.

## Maumivu ya mguu na upasuaji

18. Maumivu yanashuka hadi unyayoni. Nahitaji upasuaji?

Yakishuka kutoka takoni, nyuma ya paja, kupita goti hadi mguuni, yakichoma au kuleta ganzi, mara nyingi mzizi wa mshipa wa fahamu umekerwa na diski. Inauma vibaya kuliko kiuno chenyewe. Hata hivyo wengi hupata nafuu kwa wiki hadi miezi kadhaa bila kisu, na sehemu ya diski iliyotoka mara nyingi husinyaa yenyewe. Ukilala kifudifudi na kuegemea viwiko, kama maumivu yanapanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, ni dalili nzuri, endelea. Yakishuka zaidi, acha zoezi hilo.

Upasuaji una nafasi yake: dalili za swali la 5, mguu unaozidi kulegea, au maumivu ya mguu yasiyovumilika baada ya wiki nyingi za matibabu. Kwa diski, huleta nafuu haraka, lakini baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa na waliosubiri huwa karibu sawa. Kwa kiuno kinachouma bila mguu, upasuaji mara nyingi haufai. Bugando ndipo pa kuanzia rufaa, na kesi nyingine hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Mzee ambaye miguu yake humchoka na kufa ganzi akitembea, na kupoa akikaa au akiinama kuegemea baiskeli, huenda njia ya uti wa mgongo imekuwa nyembamba. Mazoezi ya kukunja kiuno humsaidia, na akizidiwa upasuaji hujadiliwa.

## Hali za pekee

19. Mimi ni mjamzito. Nitumie nini?

Tembea, fanya mazoezi ya magoti na viganja, lala ubavu. Paracetamol kwa muda mfupi ndiyo inayokubalika. Usinywe ibuprofen wala diclofenac kuanzia wiki ya 20, na kabla ya hapo uliza kliniki. Maumivu ya kiuno yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio, tumbo likikaza, yanaweza kuwa uchungu. Yakiwa na homa au mkojo unaochoma, pima mkojo siku hiyo.

20. Kiuno changu kilianza baada ya sindano ya ganzi ya mgongo wakati wa upasuaji wa kujifungua. Ndiyo iliyoniharibu?

Kidonda pale ilipopita sindano huuma siku chache. Tafiti hazijaonyesha kwamba sindano hiyo huleta maumivu ya miaka. Waliojifungua kwa njia ya kawaida bila sindano nao huumwa, maana mimba hulegeza kano, tumbo hupoteza nguvu, kisha huja kunyonyesha umeinama na kumbeba mtoto. Mama anastahili kusikilizwa na kupewa mazoezi (swali la 15, ukianza polepole baada ya kidonda kupona), na asiikatae ganzi hiyo uzazi ujao kwa sababu ya uvumi.

21. Kiuno kinamaliza nguvu za kiume?

Kiuno cha kawaida hakimalizi. Maumivu, hofu na dawa kama tramadol vinaweza kupunguza hamu, na hiyo hurudi. Tendo la ndoa haliharibu mgongo. Chagueni mkao ambao anayeumwa hasogei sana, kama kulala ubavu. Lakini nguvu zikipotea ghafla pamoja na ganzi sehemu za siri, rudi swali la 5.

22. Mtoto wangu wa miaka saba analalamika mgongo.

Mpeleke akapimwe. Kwa mtoto mdogo hatuyachukulii kuwa ya kawaida, hasa akiwa na homa, anakataa kucheza, au mgongo una kinundu.

Kanda ya ziwa pia ina watoto wengi wenye selimundu. Mgongo na mifupa vikiuma kwa mwenye selimundu, mpe maji ya kutosha na dawa alizoandikiwa, na akiwa na homa asikae nyumbani, kwani maambukizi ya mfupa yanaweza kufanana kabisa na maumivu yake ya kila mara.

23. Navua na kuoga ziwani. Kichocho kinaweza kuingia mgongoni?

Kinaweza, ingawa si mara nyingi. Kichocho cha tumbo kimeenea katika vijiji vya mwambao na visiwani, na baadhi ya mayai ya minyoo yake huweza kunasa sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Dalili hukusanyika ndani ya siku au wiki: kiuno na miguu kuuma, kisha udhaifu, ganzi na mkojo kugoma. Huwapata zaidi vijana, na wageni walioogelea kwa mara ya kwanza. Inatibika kwa praziquantel pamoja na steroidi chini ya uangalizi wa daktari, na ikiwahiwa wengi hutembea tena. Mwambie daktari kwamba unaingia ziwani, asidhani ni diski.

Mvuvi mwenye kiuno cha kawaida asijitibu kichocho kwa kubahatisha. Apime choo, na anywe praziquantel inapogawiwa kijijini kwa sababu ya ini na tumbo lake.

24. Ngozi inachoma upande mmoja kuanzia mgongoni hadi ubavuni, lakini hakuna kinachoonekana.

Subiri siku mbili tatu ukiitazama. Vikitokea vipele vya maji katika mstari huo, ni mkanda wa jeshi. Wahi kituo cha afya ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee, maana dawa yake hufanya kazi vizuri mapema, na ukubali kupimwa VVU hata kama unajihisi mzima.

25. Nina miaka 26, mgongo hukaza kila asubuhi na hulegea nikianza kazi. Nimeshapewa mapumziko mara nyingi.

Maumivu yaliyoanza polepole kabla ya miaka 45, yakadumu zaidi ya miezi mitatu, yanayokuamsha alfajiri, yakakukaza zaidi ya nusu saa na kupoa ukitembea, yanaweza kuwa uvimbe wa maungio ya uti wa mgongo unaotokana na kinga ya mwili yenyewe. Mapumziko huyazidisha. Taja maelezo hayo kwa daktari kama yalivyo, pamoja na jicho lililowahi kuwa jekundu na kuuma, au ndugu mwenye hali hiyo, na uombe kuonwa na daktari bingwa. Hapa eksirei ya nyonga ina kazi, tofauti na nilivyosema swali la 8.